Mjusi Hana Hatia, Lakini Atoke Kwanza

Saa 11:40 alfajiri, mwili mzima povu, ndipo nilipomwona. Alikuwa amejibandika juu ya komeo la mlango wa bafu, kichwa chini mkia juu, rangi yake kama uji wa mgonjwa. Mjusi kafiri. Sisemi yule mjusi wa nje mwenye kichwa cha rangi, anayepiga pushapu juu ya ukuta wa jirani, yule tunaheshimiana. Nasema huyu wa ndani, laini, wa usiku, asiye na kope za kufumba, anayekukazia macho kama mtu aliyekukopesha.

Sasa tazama mtego wenyewe. Mlango wa bafu letu hufunguliwa kwa komeo. Komeo lina mjusi. Taulo limetundikwa kwenye msumari, na msumari uko shibiri moja juu ya komeo. Ndoo imebaki na maji ya kata moja. Mimi, mtu wa miaka 48, ninayeitwa kwenye vikao vya ukoo kutoa maamuzi, nikatulia nikafikiri kwa kina, na uamuzi nilioufikia ukawa ni kupanda juu ya kigoda cha kufulia. Kwa nini kigoda? Mnyama anayetembea darini unamkimbiaje kwa kupanda juu? Sijui. Nilipozinduka nilikuwa nimeshapanda.

Nilikaa huko juu dakika 20. Povu likaanza kukauka na kuvuta ngozi. Mwisho nikaita, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei tu bila nia ya kununua:

"Mama watoto! Kuna mtu anataka kuoga baada yangu?"

Kimya. Halafu kutoka jikoni: "Yuko wapi?"

"Nani?"

"Si huyo mjusi."

"Kwenye komeo."

Nikasikia mwiko ukiwekwa chini. Mke wangu akitaka kucheka sana huwa lazima atue alichoshika. Akamtuma kitinda mimba wetu, wa miaka 7, aje na kandambili kuniokoa. Mtoto akaja mbio, akausukuma mlango, ukagoma, maana komeo liko ndani, upande wa mateka. Ikabidi nijiokoe. Nikaimwaga ile kata ya mwisho mlangoni, mjusi akachomoka hadi kwenye kona ya dari, nikalivuta komeo kwa kitako cha mswaki na kutoka na sabuni masikioni. Mtoto akanikagua juu hadi chini akitafuta jeraha.

"Baba, amekuuma wapi?"

Hajaniuma. Hajawahi kuniuma. Hana sumu, hana pembe, hana haja na mimi. Kazi yake usiku kucha ni kula mbu, nondo na mende wadogo, na ukihesabu kwa haki yeye ndiye mfanyakazi pekee wa nyumba yangu asiyedai mshahara wala nauli. Yote haya nayajua. Nilikuwa nayajua hata nikiwa juu ya kigoda.

Kilichomuudhi mke wangu zaidi, na amekisema mbele ya wageni tangu siku hiyo, ni kilichofuata. Saa 1 kasoro robo nilipanda bodaboda kutoka Tabata kwenda Ubungo. Dereva alikuwa na helmeti mbili: moja kaivaa, nyingine kaipachika kiwikoni kama mkoba wa kwenda harusini. Kichwa changu kilikuwa wazi kwa upepo. Tulipofika Barabara ya Mandela tukakuta foleni ya malori ya makontena, kijana akapenya katikati ya mawili, kwenye nafasi ambayo mtu mnene angepita ubavu. Kioo cha lori kikanipita jirani na sikio. Muda huo mimi nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja, nabishana kwenye kundi la michango ya harusi kuhusu kadi ya watu wawili. Moyo tuli. Nakumbuka hata mwayo nilipiga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa barabara huua watu wapatao milioni 1.2 kila mwaka. Malaria, ile anayotuletea mbu, huua karibu 600,000, wengi wao watoto wadogo wa Afrika. Mjusi kafiri hayumo hata kwenye orodha. Ninapomkimbia yeye nakimbilia nje, kwa mbu, nikisubiri bodaboda.

Binti yetu mkubwa yuko nyumbani kwa likizo. Anasoma saikolojia, mwaka wa pili, na ada naitoa mimi, hilo naomba likumbukwe. Jioni ile, mama yake alipomaliza kusimulia mkasa kwa mara ya 3, safari hii akiigiza na kigoda, binti akanigeukia kwa upole wa kitaalamu.

"Baba, hiyo si aibu. Ni amigdala."

Nilidhani ni ugonjwa, nikaanza kupiga hesabu za dawa. Kumbe ni vinundu viwili ndani ya ubongo, kimoja kila upande wa kichwa, umbo lake kama lozi. Akanieleza kwamba habari inayoingia kichwani ina njia mbili za kwenda. Moja ni barabara kuu, inapita kwenye ubongo wa kufikiri, ambako kuna mizani kama ile ya malori: simama, pima, onyesha karatasi, huyu ni mjusi, gramu kadhaa, hana sumu, pita. Nyingine ni ya mkato, inakwenda moja kwa moja kwenye lozi. Mtafiti mmoja wa New York, Joseph LeDoux, ndiye aliyejulikana kwa kuifuatilia, na aliifuatilia kwenye vichwa vya panya. Kwa hiyo ni njia ya panya kwa maana zote mbili. Habari inayopita huko ni mbovu, haina maelezo, ni "kuna kitu!" tu, lakini inawahi. Lozi likishaipata linapiga king'ora, moyo unakwenda mbio, miguu inakwenda inakokwenda. Lori la barabara kuu linapofika na ripoti kamili, wewe uko juu ya kigoda.

Ikaniingia. Maana yake mimi siogopi; mimi naogopeshwa. Ndani ya kichwa changu nafanya kazi ya msemaji wa wizara: jambo limeshafanyika, wakubwa wameshaondoka, ndipo naitwa niwaeleze waandishi wa habari kwamba ulikuwa mkakati. Nimelipa ada miaka 2 ili nifahamishwe kuwa mkuu wa kaya hii ni lozi.

"Basi hayo malozi si yatolewe," nikasema.

Akanitazama kama mtu aliyekuwa akisubiri uingie mtegoni. Yuko mwanamke Marekani, akasema, ambaye watafiti humtaja kwa herufi mbili tu, S.M. Ugonjwa wa nadra ulimharibia amigdala zote mbili. Walimpeleka kwenye duka la nyoka na buibui. Mwenyewe alikuwa amesema nyoka hawapendi. Alipofika akamshika mmoja zaidi ya dakika 3, akamgusa ulimi, kisha akaomba ruhusa awaguse wale wakubwa wa hatari. Aliomba mara 15. Wakampeleka kwenye jengo la vitisho, lile ambalo watu hulipa kiingilio ili waigizaji waliovaa kama mazimwi wawarukie gizani. Wenzake wakapiga kelele. Yeye alimchokonoa zimwi kichwani kwa udadisi, na aliyeshtuka akawa zimwi.

Nikaanza kumwonea wivu. Mwanamke kama huyo angeoga amalize.

"Subiri," binti akasema. Mwanamke huyo ameshatishiwa maisha kwa kisu na kwa bunduki. Usiku mmoja mtu alimwita kwenye benchi la bustani, akaenda, akawekewa kisu kooni. Alinusurika. Kesho yake akapita palepale. Lozi lisilokuwepo halikumnong'oneza kitu. Na ukidhani basi yeye ni chuma, mwaka 2013 watafiti walieleza walivyomvutisha hewa yenye kaboni dayoksaidi nyingi, mwili ukahisi unakosa pumzi, akapatwa na kiwewe kikubwa. Kumbe hata asiye na lozi ana mlango wa nyuma wa kuingilia woga.

Sikujibu. Nilikuwa nafikiria wangapi kati yetu tungekuwa hai kama babu zetu wangekuwa watu wa kumgusa nyoka ulimi.

Lakini swali la mtoto bado lilikuwa limenikaa. Sijaumwa, sasa woga huu niliupata wapi? Jibu nalijua, ila sijawahi kulisema, kwa sababu linamhusu marehemu mama yangu, na mama hasemwi.

Ilikuwa Muheza, nami sijaanza shule. Mama amepika maharage ya nazi, nazi mbili, tui zito, sufuria iko juu ya mafiga, na harufu imeshawatoa watoto wa nyumba tatu kwenye michezo yao. Mjusi akaanguka kutoka kwenye paa la makuti, chubwi, ndani. Mama alipiga ukunga ambao sijausikia tena tangu hapo, na huyo ni mwanamke niliyemwona akiua nyoka kwa mpini wa jembe bila kukatisha mazungumzo. Akaiinua sufuria kwa kanga, akaenda kuimwaga yote kwenye migomba. Tukalala na chai ya rangi. Mtoto hufanya hesabu zake: kama huyu mdudu anaweza kumfanya mama amwage maharage ya nazi, basi ni hatari kuliko chochote nitakachokutana nacho. Bibi naye akaongezea ya kwake, masimulizi ya mjusi aliyepuliza moto ili uzidi kumchoma Nabii Ibrahimu. Kwa hiyo nililala na njaa, na adui yangu akiwa adui wa mitume.

Binti alifurahi mno kusikia. Kuna mtafiti, Susan Mineka, aliyefanya kazi na nyani waliolelewa maabara. Nyani hao hawakuwa na habari na nyoka, hawakumjali. Wakaonyeshwa wenzao wakimwona nyoka na kupagawa, nao wakaanza kumwogopa, hivyo tu, kwa kutazama. Halafu kukatengenezwa video iliyounganishwa kijanja, ikionekana nyani wanapagawa mbele ya maua. Walioitazama hawakuanza kuogopa maua. Yaani mwili umekuja na mashimo yaliyochimbwa tayari, la nyoka lipo, la ua halipo. Nami nasema la mjusi, binamu wa nyoka mwenye miguu, lipo karibu sana na lile la nyoka. Ila la kioo cha lori halipo. La ile soketi ya nyuma ya friji, iliyoungua rangi ya karanga tangu mwaka juzi, halipo. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kupiga ukunga kwa sababu ya soketi. Ingetufaa sana.

Akanisimulia na habari ya mtoto aliyeitwa Albert. Mwaka 1920, huko Baltimore, John Watson na Rosalie Rayner walimchukua mtoto mchanga wa miezi kama 11 ambaye alikuwa akimchezea panya mweupe bila wasiwasi. Kila akimgusa panya, wao nyuma yake wanagonga nondo ya chuma kwa nyundo. Baada ya mara kadhaa mtoto akawa akimwona panya tu analia. Kisha akawa analia akimwona sungura, mbwa, koti la manyoya, hata kinyago chenye ndevu nyeupe. Akaondoka hospitalini wakiwa hawajamtoa woga huo. Niliposikia nilikasirika, kwanza kwa niaba ya mtoto, pili kwa niaba ya pwani. Kumliza mtoto wa watu kwa nyundo ili ujue kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka! Wangepanda meli wakaja kumuuliza msuka mikeka yeyote wa Pangani, wangejibiwa kabla kahawa haijapoa.

Nisichokubali ni kwamba katika nyumba hii mwoga ni mimi peke yangu. Huyo mcheka watu, mama watoto, tulipokwenda Lushoto kwenye msiba wa mjomba alimwona kinyonga juu ya ua wa miti. Usambara kuna vinyonga wengi, na yule alikuwa katikati ya safari yake, mguu mmoja juu, anatafakari kama autue leo au kesho. Mke wangu alikimbia hadi kwenye gari, akafunga milango, akapandisha vioo vyote. Dhidi ya kinyonga! Ungeweza kumkimbia kwa kurudi nyuma huku unamenya chungwa. Nilipomuuliza anaogopa nini akasema, "Akikuganda hatoki mpaka radi ipige." Sikucheka. Niliweka akiba.

Jirani yetu naye woga wake ni bundi. Akilia juu ya mwembe, mzee wa watu anatoka na mawe usiku wa manane, anamfukuza, kisha asubuhi anakuja kwangu kuazima mtego kwa sababu panya wamemalizia mchele. Nimejaribu kumweleza uhusiano wa mambo hayo mawili. Ananiona nami nina walakini.

Ofisini tunaye mmoja asiyepanda ndege. Likizo anakwenda Mwanza kwa basi, zaidi ya kilomita 1,000, anafika miguu imevimba kama mihogo ya Desemba, na anajisifu kwamba yeye roho yake haichezei. Ukimuuliza anasema angani huna la kufanya. Kana kwamba kwenye basi yeye ndiye huwa ameshika usukani. Nilimsomea habari za Wamarekani baada ya Septemba 11, 2001, walivyoziogopa ndege wakahamia barabarani. Mtaalamu wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alikadiria kuwa katika miezi 12 iliyofuata watu wapatao 1,500 zaidi ya kawaida walikufa kwenye ajali za magari, mara kadhaa ya idadi ya waliokuwemo ndani ya ndege zote 4. Ndege zilianguka siku moja, dunia nzima ikaona. Wale wengine walikwenda mmoja mmoja, kila mmoja na kona yake. Mwenzangu alisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni, akasema: "Unaona sasa ndege zilivyo mbaya."

Na popobawa je? Mwaka 1995, mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza tangu vyama vingi virudi, nilikuwa Unguja kwa shangazi, Ng'ambo, nina miaka 18 na sharubu nne. Uvumi ulitoka Pemba ukavuka bahari: lipo jitu linaingia usiku majumbani, lina bawa la popo, na linakukuta kitandani. Hakuna aliyeliona. Kila mtu alimjua mtu aliyemjua aliyeliona. Mtaa mzima ukahama vitanda, tukawa tunalala nje, mikeka imeunganishwa, moto katikati, wazee wanasoma, vijana tunajifanya walinzi huku tukigombea nafasi ya katikati. Nilijifanya siamini, nikalala nje usiku 4 mfululizo, kwa ajili ya hewa. Popobawa hakuja. Mbu walikuja wote. Wiki mbili baadaye nilikuwa kitandani natetemeka kwa malaria, meno yanagongana, na shangazi akasimama mlangoni mikono kiunoni akawaambia majirani: "Si nyinyi mlisema hayupo? Huyu hapa, amempitia."

Basi, tiba. Binti aliamua kunitibu kwa likizo yake, bure, akasema ni mazoezi kwa vitendo. Alitumia njia ya mwanamama Mary Cover Jones, ambaye mwaka 1924 aliandika jinsi alivyomsaidia mtoto wa karibu miaka 3, Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Mtoto anapewa chakula anachokipenda, na sungura analetwa kwa mbali akiwa ndani ya tundu. Siku nyingine anasogezwa kidogo. Utamu wa chakula unashindana na woga, taratibu, hadi siku mtoto anapomshika sungura mwenyewe na kumwacha amng'ate vidole.

"Mimi sing'atwi vidole," nikaweka wazi mapema.

Mjusi alikamatwa kwa glasi na karatasi ngumu ya kalenda, akatiwa kwenye chupa kubwa ya jemu, mfuniko ukatobolewa matundu kwa msumari. Chakula ninachokipenda, nyumba nzima inajua, ni chapati kwa maharage ya nazi. Siku ya kwanza chupa ilikaa juu ya friji, nami kwenye kona ya mbali ya meza. Nilikula chapati 3 bila kuonja hata moja. Siku ya pili ikawekwa kwenye kiti, upande wa pili wa chumba. Siku ya tatu ikaja mezani, mbele yangu, kati ya bakuli na jagi la maji.

Ndiyo mara ya kwanza maishani nilipomtazama mjusi kafiri bila kuwa njiani kwenda mahali pengine. Vidole vyake kwenye kioo vilikuwa vimetanuka kwenye ncha, chini vina mistari mistari kama nyayo za raba mpya. Binti akasema mistari ile imejaa vinywele visivyoonekana kwa macho, na mwaka 2000 wanasayansi walifanikiwa kupima nguvu ya unywele mmoja peke yake. Hana gundi, hana unyevu, anashikilia kwa mvutano tu wa vitu viwili vilivyokaribiana mno. Akatoa ulimi akalilamba jicho lake, kwa kuwa hana kope za kulifutia. Ngozi ya tumbo ni nyepesi hivi kwamba ndani niliona mayai mawili meupe, kama vidonge viwili vya dawa. Alikuwa mama mtarajiwa. Na koo lake lilikuwa linadunda haraka haraka, haraka kuliko kitu chochote nilichowahi kuona kikidunda.

"Ana nini?" nikauliza.

"Anaogopa, Baba."

"Anamwogopa nani?"

Hakuna aliyenijibu. Nikaangalia nyuma yangu kidogo, kisha nikaelewa. Na kwa kweli woga wake una akili kuliko wangu. Mimi ndiye ninayemzidi uzito kwa maelfu ya mara. Mimi ndiye mwenye kandambili. Kama kuna kiumbe kwenye meza ile aliyekuwa na sababu ya kupanda kigodani, ni yeye. Nilihisi kitu kama huruma, nikaongeza chapati.

Ningekuwa nimepona sasa hivi, naamini hivyo, kama isingekuwa kitinda mimba. Aliona mjusi hajala, akafungua mfuniko ampe punje ya wali. Mjusi akaruka. Mtoto akamdaka mkia. Mjusi, ambaye kwenye mambo haya hashauriani na mtu, akauacha mkia akaenda zake ukutani, utaota mwingine. Mkia ukabaki kwenye vidole vya mtoto, unajipindapinda, uko hai kuliko mwenyewe alivyokuwa. Mtoto akautupa. Ukaangukia kwenye bakuli la maharage, ukaendelea kucheza mle ndani, katikati ya tui.

Nilipozinduka nilikuwa juu ya kiti.

"Maendeleo," binti akasema, akiandika kwenye daftari lake. "Safari hii umepanda na sahani."

Ni kweli, nilikuwa nayo mkononi, na haikumwagika. Lakini hakuna aliyepata muda wa kunipongeza, maana mke wangu, yule yule wa kuweka mwiko chini ili acheke vizuri, alikuwa ameshapiga ukunga. Alilibeba bakuli kwa ncha za vidole, uso umegeukia pembeni, akatoka nalo mbio hadi kwenye mgomba wa nyuma, akalimwaga lote, nazi mbili, akarudi akalisugua kwa majivu. Kitinda mimba alisimama mlangoni pale, hasemi kitu, anamtazama mama yake usoni.

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Sasa kila alfajiri nabisha hodi kabla ya kuingia bafuni, nagonga mlango mara tatu na kata, nampa muda. Yuko kwenye kona ya dari, kibutu, anaanza kuota kimkia kipya cha rangi tofauti. Taulo nimelihamishia nje. Tunaishi.

Jumatatu mke wangu aliniapisha nisipande bodaboda bila helmeti. Nilikwenda hadi kijiweni nikamkuta kijana wangu, helmeti ya pili iko palepale kiwikoni. Nikamwambia leo naivaa. Alishangaa, lakini akaivua mkononi akaifuta kwa kiganja.

"Ila mzee, jana ililala nje barazani, ikung'ute kwanza."

Niliipokea. Nikaikung'uta mara tatu kwenye goti. Nikaigeuza juani nikachungulia. Ndani kuna sponji lililochanika upande mmoja, na nyuma ya sponji kuna kishimo, na kwenye kishimo kuna giza.

Nikamrudishia. Tukaingia Mandela.